Wakuu wa chekechea wahitaji kuelekezwa kulisoma andalio la somo, si kulipiga muhuri tu

MADAFTARI ya maandalio ya masomo yamerundikwa juu ya meza ya mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi. Anafungua la kwanza, anatazama tarehe, anatia sahihi, anapiga muhuri, kisha analisukuma kando na kuchukua la pili. Kazi yote humalizika kabla chai haijapoa. Mlangoni, mwalimu wa chekechea anasubiri kurejeshewa daftari lake ili aingie darasani, ambako huenda asilifungue tena hadi Jumatatu nyingine.

Hali hii si ngeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika shule za humu nchini. Kwenye karatasi, kila mmoja ametimiza wajibu wake. Mwalimu ameandaa, mkuu ameidhinisha, na afisa wa kudhibiti ubora akifika atauona muhuri. Anayesahaulika ni mtoto wa miaka minne ambaye somo hilo liliandaliwa kwa ajili yake.

Kwa miaka mingi, juhudi za kuinua elimu ya chekechea zimemlenga mwalimu wa darasani. Yeye ndiye huitwa kwenye semina na kupewa vitabu vya mwongozo, na yeye ndiye hulaumiwa mambo yanapokwenda mrama. Mkuu wake huchukuliwa kuwa anajua tayari. Ni dhana inayofaa kuchunguzwa upya, kwa sababu mkuu ndiye anayeamua ni andalio gani lipite na lipi lirudi, na mwalimu huandaa kulingana na kile anachojua kitatazamwa. Ikiwa kinachotazamwa ni tarehe na hati nadhifu, basi atapewa tarehe na hati nadhifu.

Ndiyo maana wataalamu wa malezi na elimu ya watoto wadogo wanasisitiza kuwa wakuu wa shule hizi nao waelekezwe, hatua kwa hatua na wakiwa kazini, jinsi ya kuusoma mtaala, kulipima andalio la somo na kuzungumza na mwalimu kulihusu.

Mkuu asiyewahi kufunza chekechea

Ili kuelewa chanzo cha tatizo, sharti kutazama jinsi shule hizi zinavyosimamiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, huku elimu ya msingi ikisalia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mgawanyo huo ulianza kutekelezwa mwaka 2013 kaunti zilipoundwa.

Hata hivyo, majengo hayakuhama. Shule nyingi za chekechea za umma zimo ndani ya ua la shule ya msingi, na mara nyingi mwalimu mkuu ni mmoja. Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti ilhali mkuu wake ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Mmoja hupokea maagizo kutoka makao makuu ya kaunti, mwingine kutoka kwa afisa wa TSC, na wote wawili hukutana juu ya daftari moja la maandalio.

Mkuu wa namna hiyo aghalabu alipanda ngazi kwa kufunza madarasa ya juu. Anajua hesabu za sehemu, insha na maandalizi ya mtihani wa kitaifa. Akiletewa andalio ambalo watoto watatumia nusu saa wakicheza na vifuniko vya chupa, haoni somo bali huona muda unaopotezwa. Hana nia mbaya. Analipima andalio la chekechea kwa mizani ya darasa la sita kwa kuwa hakuna aliyempa mizani nyingine.

Katika shule za kibinafsi, hasa zile ndogo za mitaani, sura ni tofauti lakini kasoro ni ile ile. Mkuu anaweza kuwa ndiye mmiliki, karani wa karo, msimamizi wa jikoni na mwalimu wa zamu mwenzake anapougua. Kuna wengine walioingia katika kazi hii kwa mapenzi ya watoto tu, na wengine kwa biashara. Kwa wote, andalio la somo ni karatasi inayodaiwa na serikali.

Kenya haikukosa mfumo wa kuwasaidia walimu wa chekechea. Mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kiliundwa chini ya taasisi ya mitaala ya wakati huo, KIE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE, vikaanza kuanzishwa. Walimu waliokuwa kazini tayari walisomea huko wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na muhula ukiendelea wakufunzi waliwatembelea shuleni kuwatazama wakifunza. Ulikuwa mpango wa busara, kwa kuwa mafunzo hayakumtoa mwalimu darasani. Lakini mgeni wa DICECE alipofika shuleni, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Mkuu alimsalimu, akatia sahihi kitabu cha wageni, akarudi ofisini.

Mtaala wadai zaidi

Mambo yaligeuka Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini kuanzia chekechea. Watoto wa miaka minne waliwekwa katika PP1 na wa miaka mitano katika PP2. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitoa miongozo inayomtaka mwalimu kupanga shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, badala ya masomo yaliyozoeleka.

Andalio la somo katika mtaala huu lina vipengele vingi. Kuna mada na mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, vifaa, mpangilio wa darasa, utangulizi, hatua za somo, hitimisho na tafakuri ya mwalimu baada ya kufunza. Juu ya hayo, mwalimu hutarajiwa kuonyesha umilisi unaokuzwa, mathalani mawasiliano na ushirikiano au ubunifu, pamoja na maadili yanayoambatana nao.

Mwalimu mwenye watoto 40 na somo la dakika 30 anaweza kujaza vipengele hivyo vyote bila ya kufikiria hata kimoja. Maandalio na maazimio ya kazi yaliyokwisha kuandikwa huuzwa madukani na kusambazwa kwa simu. Mwalimu hubadilisha jina la shule na tarehe, kisha humpelekea mkuu. Na mkuu ambaye hajui kinachopaswa kutafutwa hawezi kutofautisha andalio lililofikiriwa na lililonakiliwa. Pengine hata atalipendelea la kunakiliwa, kwa vile limepigwa chapa vizuri.

Maazimio ya kazi ya muhula ndiyo huumbua unakili huo kwanza. Azimio lililoandikwa na mtu aliye mbali laweza kuagiza watoto watoke nje wakachunguze mimea inayochipua, ilhali wiki hiyo Turkana ardhi imekauka hata majani hayaonekani. Laweza pia kuweka shughuli za uwanjani Aprili, mvua za masika zinapokuwa zimegeuza uwanja wa shule ya Kakamega kuwa tope. Mkuu aliyeelekezwa vyema husoma azimio la muhula akiwa na kalenda ya mahali pake kichwani: msimu wa mvua, siku ya soko, mavuno, sikukuu. Huuliza kama wiki ya mimea inaweza kusogezwa. Mtaala hauzuii hilo. Wengi hudhani unazuia.

Uelekezi ni nini hasa?

Neno hili lisichanganywe na semina. Semina huwakusanya wakuu ukumbini kwa siku mbili tatu, wakasomewa slaidi, wakala chakula cha mchana na kurejea na cheti. Uelekezi hufanyika shuleni kwa mkuu, juu ya daftari halisi la mwalimu halisi, na hurudiwa. Mwelekezi ni mtu anayeijua chekechea kwa undani, awe afisa wa kaunti, mwalimu mzoefu au mkuu mwenza, ambaye huketi na mkuu huyo mara kwa mara kwa kipindi kirefu.

Chukulia mfano wa andalio la shughuli za hisabati katika PP1. Mada ni uainishaji, na mada ndogo ni kutenga vitu na kuviweka katika makundi. Mwalimu ameandika kwamba kufikia mwisho wa somo mtoto aelewe makundi ya vitu. Kwenye vifaa ameandika vitu vilivyomo darasani. Kwenye hatua za somo ameandika kuwa mwalimu ataeleza, watoto watasikiliza na kujibu maswali. Sehemu ya tafakuri imejazwa tayari kwamba somo lilifaulu, japo ni Jumatatu saa moja asubuhi na somo lenyewe ni la Jumatano.

Mkuu wetu wa mwanzo angepiga muhuri. Mwelekezi humzuia kidogo, halafu humwuliza maswali. Ukiingia darasani dakika ya ishirini na tano, utaona nini kitakachokuonyesha kuwa mtoto ameelewa? Neno kuelewa halionekani kwa macho. Ikiwa mtoto atatenga vifuniko vyekundu na vya buluu, hilo linaonekana. Akitenga kwa rangi kisha akaulizwa kama kuna njia nyingine ya kuvitenga, naye akatenga kwa ukubwa, hilo linaonekana na ni zaidi ya lile la kwanza.

Vitu gani, na vingapi? Watoto 40 hawawezi kujifunza kutenga kwa vifuniko sita vilivyo mkononi mwa mwalimu. Kati ya dakika 30, mtoto mmoja atashika vifaa kwa dakika ngapi? Mtoto anayemaliza upesi atafanya nini? Na yule asiyejua bado majina ya rangi, je, somo hili lina mlango wa kumwingiza?

Maswali hayo ni machache, lakini mkuu anayeyazoea huanza kulisoma andalio kama msimamizi wa ujenzi anavyosoma ramani: anaona mahali ukuta utakapoanguka kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kisha huja hatua ambayo wakuu wengi huikwepa kwa kisingizio cha shughuli za ofisi, nayo ni kuingia darasani. Mkuu na mwelekezi huketi nyuma, kwenye viti vya watoto vikiwapo, wakiwa na daftari dogo bila kalamu nyekundu. Wanachagua watoto watatu na kuwatazama hao tu: mmoja aliye mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa nyuma kabisa. Mkuu aliyezoea ukaguzi hutazama mwalimu, ubao na mavazi. Mwelekezi humgeuza kichwa kuelekea kwa mtoto.

Kinachoonekana huenda kikamshangaza. Mwalimu ameinua kifuniko, darasa zima limeitikia kwa pamoja kwamba ni chekundu, naye ameridhika. Lakini mtoto wa katikati amefungua kinywa bila kutoa sauti, akimfuata jirani yake. Na yule wa nyuma, ambaye mwalimu amemkemea mara mbili kwa utundu, ameokota vijiwe sakafuni na kuvipanga kwa ukubwa chini ya dawati. Ndiye pekee aliyefanya somo la siku hiyo, na hakuna aliyemwona.

Mazungumzo ya baada ya somo

Hapa ndipo uelekezi hufaulu au hufa. Mkuu asiyeelekezwa huanza na makosa: sauti ilikuwa ndogo, ubao haukugawanywa, mtoto fulani alilala. Mwalimu huitikia kila jambo kwa heshima, akatoka ofisini akiwa ameshika neno moja tu, kwamba mkuu hakupendezwa.

Mwelekezi humfunza mkuu kuanza kwa kuuliza. Mwalimu, ulipopanga somo hili ulitarajia watoto wafanye nini? Unaona walilifanya? Ni mtoto yupi aliyekushangaza? Mara nyingi mwalimu mwenyewe hutaja tatizo kabla ya kuambiwa, na lililotajwa na mwenyewe hurekebishika kwa urahisi zaidi. Baadaye mkuu husimulia alichokiona kwa wale watoto watatu, bila kuhukumu. Kisha wawili hao hukubaliana jambo moja la kubadilisha, moja tu. Pengine ni kuwagawa watoto katika vikundi vya watano, kila kikundi na rundo lake la vifuniko. Tarehe ya kutazama tena huandikwa hapo hapo.

Jambo moja laonekana kuwa dogo mno kwa mkuu mwenye haraka. Lakini mwalimu aliyepewa mambo kumi hutekeleza lile lililo rahisi kuliko yote, ambalo kwa kawaida ni kuandika kwa hati nzuri.

Mwalimu akishatoka, mwelekezi hubaki na mkuu. Humweleza jinsi alivyoyaendesha mazungumzo: nani alizungumza zaidi, ni swali lipi lililomfungua mwalimu, ni wapi mkuu alikatiza. Sehemu hii ndiyo inayotofautisha kumwelekeza mkuu na kumwelekeza mwalimu. Mkuu hujifunza kutazama, kusikiliza na kurudi kutazama tena, ili siku mwelekezi atakapoacha kuja kazi iendelee.

Mfano kutoka Mombasa

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya kigeni hana budi kutazama Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu mjini Mombasa walitafuta njia ya kuwaandaa watoto wao kwa shule bila ya kuwatenga na mafunzo ya dini. Kwa ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya kujenga chekechea ndani ya madrasa, na mwaka 1986 mpango huo ukapata shule yake ya kwanza. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Walimu wengi walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wasio na elimu ya juu. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu na vifuniko vya chupa. Kilichowashikilia ni wakufunzi wa kituo waliowatembelea shuleni mara kwa mara kwa takriban miaka miwili, wakitazama madarasa na kurejea. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kamati za shule, yaani wazee na akina mama waliosimamia chekechea hizo, nazo zilifunzwa. Waliokuwa na mamlaka ya shule walijua ni kwa nini watoto wamekaa chini wakipanga makombe, hivyo hawakumtaka mwalimu ayafungie kabatini na kushika chaki.

Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa mpango huo katika Afrika Mashariki. Watoto waliosoma katika chekechea za madrasa walionyesha maendeleo makubwa zaidi ya kiakili kuliko waliosoma katika chekechea nyingine, na wote waliosoma waliwapita waliobaki nyumbani.

Humu nchini pia, mradi wa Tayari ulioanza mwaka 2014 chini ya shirika la RTI International uliwatumia maafisa wa elimu ya chekechea kuwatembelea walimu katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika madarasa ya chini ya shule za msingi, uliwapa maafisa tarakilishi ndogo za mkononi ambazo walirekodia walichokiona darasani.

Ushahidi mwingine wa kutegemewa unatoka Afrika Kusini, ingawa wenyewe uliwahusu watoto wa madarasa ya kwanza ya shule ya msingi. Katika mkoa wa North West, kuanzia mwaka 2015, kundi moja la shule lilipewa maandalio ya masomo na walimu wake wakaitwa kwenye mafunzo ya pamoja. Kundi jingine lilipewa maandalio yale yale, lakini waelekezi wakawatembelea walimu darasani. Baada ya miaka miwili, faida ya usomaji kwa watoto wa kundi la pili ilikaribia kuwa maradufu ya kundi la kwanza. Karatasi ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha ni mtu aliyerudi kuuliza jinsi karatasi hiyo ilivyotumika.

Kiingereza cha daftari, lugha ya darasa

Kuna kikwazo ambacho hakizungumzwi ipasavyo. Sera ya elimu inataka watoto wa chekechea wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, au Kiswahili mahali penye mchanganyiko wa jamii. Lakini maandalio, aghalabu, huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa miongozo mingi iko katika lugha hiyo na kwa kuwa mwalimu anahofia kuonekana hajasoma.

Matokeo yake ni kwamba swali dadisi lililoandikwa vizuri kwa Kiingereza halijawahi kufikiriwa litakavyoulizwa kwa Kigiriama au Kidholuo. Mwalimu hufika darasani akalitafsiri papo hapo, na mara nyingi swali hupoteza makali yake likawa la ndiyo au la. Mkuu aliyeelekezwa humtaka mwalimu aandike swali hilo, hata kama ni hilo pekee, kwa maneno hasa atakayowaambia watoto. Ni marekebisho ya mstari mmoja, yasiyogharimu chochote, na huenda yakawa na faida kuliko ukurasa mzima wa matokeo yanayotarajiwa.

Shinikizo la wazazi

Kikwazo kingine kimesimama langoni mwa shule. Mzazi aliyelipa karo anataka kuona daftari limejaa. Anataka mtoto wa miaka minne aandike moja hadi mia na arudi na kazi ya nyumbani. Kuna shule za msingi ambazo zimekuwa zikiwapa watoto mtihani kabla ya kuwasajili, licha ya serikali kupiga marufuku zoezi hilo, na mzazi anajua.

Mkuu asiye na uhakika na mtaala husalimu amri. Humwagiza mwalimu aache michezo na kuandikisha. Mwalimu naye huandika andalio la michezo kwa ajili ya afisa na kufunza somo la kunakili kwa ajili ya mzazi, na hapo ndipo uongo wa daftari huwa utaratibu wa shule. Anayeumia ni mtoto asiyeweza bado kushika kalamu vizuri, anayeanza kuamini akiwa na miaka minne kwamba shule haimtaki.

Hili halitatuliwi na mwalimu, kwa sababu hana mamlaka ya kuzungumza na wazazi kwa niaba ya shule. Ni kazi ya mkuu, na mwelekezi humsaidia kuifanya. Njia moja ni kuwaalika wazazi darasani badala ya kuwahutubia mkutanoni. Mzazi anayemwona mwanawe akitenga mbegu kwa makundi ya tano tano na kuhesabu makundi hayo huelewa haraka kuliko aliyesomewa sera.

Afisa mmoja, kofia mbili

Swali linalobaki ni nani atakayewaelekeza wakuu hawa. Kaunti zina maafisa wa kuratibu elimu ya chekechea, na hao ndio wa kwanza kufikiriwa. Tatizo ni kwamba afisa huyo huyo hutumwa kukagua. Mkuu aliyeonyesha udhaifu wake kwa mwelekezi mwezi Februari hatakubali kuuonyesha tena ikiwa mwezi Machi mtu huyo huyo atakuja na fomu ya ukaguzi. Ataficha, na uelekezi utarudi kuwa muhuri.

Pale ambapo maafisa hawatoshi kugawana kazi hizo mbili, angalau siku zitenganishwe na karatasi zitenganishwe: kilichoandikwa siku ya uelekezi kibaki shuleni kwa mkuu, kisipelekwe makao makuu. Kuna pia suala la idadi. Afisa aliyepewa shule nyingi kiasi kwamba hufika kila moja mara moja kwa mwaka hamwelekezi yeyote, anasalimia. Na katika kaunti pana kama Mandera au Turkana, nauli ya pikipiki na mafuta ndiyo huamua kama uelekezi utakuwapo, wala si sera iliyochapishwa.

Muda wa mkuu mwenyewe nao ni kikwazo cha kweli. Anayesimamia shule ya msingi yenye mamia ya wanafunzi hawezi kukaa katika kila darasa la chekechea kila siku. Lakini anaweza kukaa katika moja, nusu saa, mara moja kwa wiki, na badala ya kusoma madaftari yote kijuujuu akasoma moja kwa makini. Mengine yasubiri zamu yao. Baadhi ya shule zitahitaji kumpa jukumu hilo mwalimu mwandamizi wa chekechea, mradi apewe pia idhini ya kulirudisha andalio lisilofaa, na kaunti na TSC zielewane kwa maandishi ni nani anayetia sahihi.

Kaunti inayotaka kuanza haina haja ya kusubiri mfadhili. Shule tano au sita zilizo kwenye barabara moja zinaweza kuunda kundi, wakuu wake wakakutana katika shule mojawapo kila katikati ya muhula. Kila mmoja huja na andalio moja kutoka shuleni kwake, jina la mwalimu likiwa limefunikwa ili asiaibishwe mtu. Wanalisoma pamoja, wanaingia darasani kwa mwenyeji kutazama watoto watatu, kisha wanarudi kuzungumza. Wenye uzoefu wa chekechea miongoni mwao huwaongoza waliotoka madarasa ya juu. Kinachohitajika ni nauli, chai, na afisa wa kaunti aliye tayari kuacha fomu ya ukaguzi ofisini siku hiyo.